Ngozi ya mama kijacho isiachiwe muuza mkorogo

"Mbona umekuwa mweusi hivyo? Basi huyo ni wa kike, kachukua uzuri wote wa mama yake." Mwanamke mwenye mimba ya miezi sita huyasikia maneno hayo sokoni, kwenye daladala, kwenye shughuli za mtaani na hata kibarazani kwa wakwe. Anayesema hana nia mbaya. Anatania, anabashiri, anamfurahia mjukuu ajaye. Lakini mama kijacho akifika nyumbani hujitazama kwenye kioo na kuyaona yote: mabaka mashavuni, shingo iliyokolea, kwapa zilizogeuka rangi, na mstari ulionyooka kutoka kitovuni kwenda chini ambao mwaka jana haukuonekana. Hakuna aliyemwandaa kwa hayo.

Kliniki alipimwa presha, damu, mkojo na uzito. Mapigo ya moyo ya mtoto yalisikilizwa. Alipewa vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria na chandarua. Kuhusu ngozi hakuulizwa, naye aliona haya kuuliza, kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na jambo lenyewe lilionekana ni la urembo tu. Jibu atalitafuta kwingine: kwa shoga yake, kwa jirani, kwenye simu, na mwishowe kwenye duka la vipodozi, ambako kopo lisilo na jina la mtengenezaji huuzwa kwa ahadi kwamba linafaa "hata kwa wajawazito".

Wanaoizungumzia ngozi ya mjamzito ni wengi, ila wenye ujuzi ndio wanaonyamaza. Ukimya huo una gharama. Mabadiliko mengi ya ngozi wakati wa mimba hayana madhara na hupungua yenyewe, lakini mwanamke asiyejua hilo huyapiga vita kwa dawa zinazoweza kumfikia mtoto tumboni. Upande wa pili, zipo dalili chache za ngozi ambazo ni za hatari kweli, na hizo hudharauliwa kwa sababu kila kitu kimewekwa kwenye kapu moja la "mambo ya mimba". Kliniki ya wajawazito ndiyo mahali pa kuyatenganisha haya mawili, na ni wakati kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya huduma kama ilivyo kupima presha.

Rangi inayokuja na mimba

Mimba inapoendelea kukua, mwili huzalisha kwa wingi homoni za estrojeni na projesteroni, pamoja na homoni inayozichochea chembe zinazotengeneza melanini, ile rangi ya ngozi na nywele. Matokeo yake, mahali palipokuwa peusi kidogo tangu zamani huwa peusi zaidi: chuchu na duara linalozizunguka, kwapa, mapaja kwa ndani, sehemu za siri, shingo, hata makovu ya utotoni. Vitabu vya tiba vinakadiria kuwa hadi wanawake 9 kati ya 10 hupata weusi wa namna hii kwa kiasi fulani. Asiyeupata ndiye nadra.

Mstari wa tumboni nao haukuletwa na mimba. Upo tangu kuzaliwa, pale misuli ya kulia na ya kushoto inapokutana katikati ya tumbo, ila rangi yake hufanana na ya ngozi iliyo jirani, kwa hiyo hauonekani. Mimba huutia rangi tu. Katika mitaa mingi husemwa kwamba mstari ukiishia kitovuni mtoto ni wa kike, na ukipanda hadi chini ya kifua ni wa kiume. Ni mazungumzo matamu ya barazani, lakini jinsia ya mtoto iliamuliwa siku mbegu ya baba ilipokutana na yai la mama, na kukolea kwa mstari hakuhusiani nayo hata kidogo. Vivyo hivyo kwa uzuri unaodaiwa kuchukuliwa na mtoto wa kike. Baada ya kujifungua, mstari hufifia taratibu kwa miezi kadhaa.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni mabaka ya usoni. Hutokea kwenye paji la uso, mashavu, pua na juu ya mdomo, mara nyingi pande zote mbili kwa mfanano. Huwapata zaidi wenye ngozi ya maji ya kunde na nyeusi, na wale ambao mama au dada zao waliwahi kuyapata. Homoni huyaanzisha, jua huyakoleza. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wengi wa losheni hawalisemi: kwenye ngozi yenye melanini nyingi, si miale ya urujuanimno peke yake inayoongeza weusi, bali hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho. Ndiyo maana mafuta ya kukinga jua yaliyotiwa rangi kwa oksidi ya chuma huwafaa wenye mabaka kuliko yale meupe.

Mafuta hayo hayapatikani kila kijiji, na bei yake si ya kila mfuko. Lakini anayeuza nyanya juani, anayepalilia mahindi au anayeanika dagaa ana njia nyingine zilizo karibu naye: kofia yenye ukingo mpana, mwavuli, mtandio, na kupumzika kivulini jua linapokuwa la utosi. Kwa wanawake wengi mabaka hufifia ndani ya mwaka mmoja baada ya kujifungua. Wachache hubaki nayo, na hao wanastahili kuonana na mtaalamu wa ngozi mtoto akishazaliwa. Wajue pia kwamba vidonge vya majira vyenye estrojeni vinaweza kuyarudisha au kuyakoleza, hivyo ni busara kumweleza mhudumu wa uzazi wa mpango kabla ya kuchagua njia.

Michirizi na biashara ya mafuta

Baada ya rangi huja michirizi. Huanza kujitokeza zaidi katika nusu ya pili ya mimba, kwenye tumbo, matiti, nyonga na mapaja. Chini ya tabaka la juu la ngozi kuna nyuzi za kolajeni na elastini zinazoipa ngozi uimara na uwezo wa kunyumbulika. Ngozi inapovutwa haraka huku homoni zikizilegeza nyuzi hizo, baadhi hukatika, kama kitambaa kilichovutwa kikaachia nyuzi bila kuchanika juu. Mwanzoni michirizi huwa myeusi, ya zambarau au myekundu kutegemea rangi ya ngozi, kisha kwa miezi na miaka hupauka na kubaki na rangi iliyo nyepesi kuliko ngozi ya jirani.

Nani ataipata na nani ataikosa? Urithi una nguvu kubwa: binti ambaye mama yake aliipata ana uwezekano mkubwa wa kuipata. Umri mdogo wa mama, uzito unaoongezeka kwa kasi na mtoto mkubwa huongeza uwezekano. Uzembe wa kujipaka mafuta haumo katika orodha hiyo, ingawa ndio unaosingiziwa kila mara. Mwaka 2012 wachambuzi wa mtandao wa kitabibu wa Cochrane walikusanya majaribio 6 yaliyohusisha wanawake takriban 800 ili kuona kama mafuta na krimu za kupaka huzuia michirizi. Hawakupata ushahidi madhubuti kwamba zinazuia.

Hilo halimaanishi kwamba mama asijipake. Mafuta ya nazi, ya alizeti au jeli ya kawaida isiyo na manukato hulainisha ngozi kavu na kupunguza muwasho wa tumbo linalotanuka, na kukandwa kwa mkono wa mtu umpendaye kunatuliza. Tatizo linaanza pale chupa ndogo inapouzwa kwa bei ya mboga ya wiki nzima kwa madai kwamba itazuia jambo ambalo hakuna mafuta yaliyothibitika kulizuia, kisha mwanamke aliyepata michirizi anaambiwa, au anajiambia, kwamba hakujitunza. Mume anayesikia maneno hayo nyumbani kwake ana wajibu wa kuyakomesha, na zaidi sana asiyaanzishe yeye.

Yapo mabadiliko mengine yanayostahili kutajwa ili yasitishe. Wingi wa damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, kwa hiyo jasho na vipele vya joto huongezeka. Chunusi huweza kuzuka hata kwa aliyeziaga tangu shuleni. Vinyama vidogo huota shingoni na kwapani, na makovu ya keloidi yanaweza kukua. Pumu ya ngozi kwa wengi huzidi, lakini soriasisi huwapungua wengi walio nayo. Nywele nazo hujaa wakati wa mimba kwa sababu chache ndizo huingia katika hatua ya kupumzika na kudondoka. Miezi mitatu au minne baada ya kujifungua zile zilizochelewa hudondoka kwa pamoja, na mama huziona zimejaa kwenye chanuo akadhani anaugua. Kwa kawaida hurejea kabla mtoto hajatimiza mwaka au muda mfupi baadaye.

Kopo la mkorogo na mtoto tumboni

Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Dakar, Senegali. Waliwafuatilia wanawake 99 wenye mimba ya miezi sita hadi tisa. Kati yao, 68 walikuwa wakitumia vipodozi vya kujichubua wakati wa mimba hiyo hiyo. Karibu wote hao walitumia vyenye kemikali ya haidrokwinoni, na 28 walitumia vyenye steroidi kali. Waliotumia steroidi kali walikuwa na kiwango kidogo cha homoni ya kotisoli kwenye damu, kondo la nyuma lililokuwa dogo zaidi, na walijifungua zaidi watoto wenye uzito pungufu.

Dakar ni mbali na Kariakoo, lakini viambato ni vile vile. Mkorogo unaouzwa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura huchanganya krimu za haidrokwinoni, steroidi kama klobetasoli zilizokusudiwa kutumika kwa cheti cha daktari, wakati mwingine zebaki, na wakati mwingine kemikali za nyumbani ambazo hazikutengenezwa kugusa ngozi ya mtu. Mwanamke aliyekuwa akijichubua kabla ya mimba huona rangi ikikolea na kuongeza dozi. Aliyekuwa hajawahi hushawishika kuanza, kwa sababu mabaka yamemjia usoni pale pale anapotazamwa na kila mtu.

Tabaka la juu la ngozi halizuii kila kitu. Sehemu kubwa ya haidrokwinoni inayopakwa hupenya na kuingia kwenye damu, na hiyo ni sababu tosha ya wataalamu kuwashauri wajawazito waiache. Steroidi kali zikipakwa mwili mzima kwa miezi huzifanya tezi za juu ya figo zilegee, huipunguza ngozi unene, huchelewesha vidonda kupona, jambo zito kwa mama anayeweza kuhitaji upasuaji, na huleta michirizi mipana. Mama aliyejipaka ili aondoe alama anaishia kujiongezea. Haidrokwinoni nayo ikitumika kwa miaka huweza kuleta weusi wa kibuluu usiotoka; madaktari wa Afrika Kusini waliueleza mwaka 1975, na nchi hiyo ikapiga marufuku vipodozi vyenye kemikali hiyo mwaka 1990.

Zebaki ndiyo mbaya kuliko zote. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, kuhusu watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaofanya protini ivuje kwenye mkojo na mwili uvimbe. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mwaka 1987 watafiti wa Ubelgiji walieleza kisa cha mtoto mchanga wa miezi mitatu aliyekuwa na mtoto wa jicho, upungufu wa damu na hitilafu ya figo. Zebaki iliyopatikana mwilini mwake ilitoka kwenye sabuni ya kung'arisha ngozi ambayo mama yake aliitumia wakati wa mimba na wa kunyonyesha. Mtoto huyo hakupakwa chochote cha kujichubua; alikipokea kupitia mwili wa mama yake.

Sheria zipo. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki kufikia 2025. Rwanda ilianza msako mkali wa vipodozi vya kujichubua mwishoni mwa mwaka 2018 baada ya Rais Paul Kagame kulizungumzia suala hilo hadharani. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na tangu 2019 jukumu la kuvisimamia liko mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo, bidhaa huvuka mipaka kwa njia za panya, hufungashwa upya kwenye makopo yasiyo na maandishi, na siku hizi hununuliwa kwa simu na kuletwa na bodaboda hadi mlangoni.

Kwa hiyo mnunuzi mwenyewe anahitaji macho. Kopo lisiloorodhesha viambato lisinunuliwe. Maneno kama "calomel", "mercuric" na "mercurio" kwenye lebo ni ya kutahadhari, na Shirika la Afya Duniani limetaja dalili moja rahisi kuikumbuka: maelekezo yanayomwonya mtumiaji asiiguse bidhaa akiwa amevaa dhahabu, fedha au vito ni ishara kwamba huenda ina zebaki. Krimu za chunusi na mabaka zenye viini vya vitamini A, kama tretinoini, nazo ziachwe mara mimba inapojulikana, na vidonge vya isotretinoini visimezwe kabisa na mwanamke mwenye mimba au anayeitafuta, kwa kuwa huharibu maumbile ya mtoto.

Ni rahisi kumlaumu mwanamke anayejichubua. Makala haya hayamlaumu. Anaishi mahali ambapo weupe husifiwa harusini, kwenye matangazo na kwenye nyimbo, na katikati ya mimba anaambiwa mara kumi kwa wiki kwamba ameharibika. Anayetaka mwanamke huyo aache kopo lake aanze yeye kwa kuacha maneno hayo.

Ngozi inapotoa taarifa

Wakati madoa yasiyo na madhara yanapewa umuhimu wote, dalili zenye uzito hupita bila kuonekana. Kuwashwa ni mfano mzuri. Wajawazito wengi huwashwa tumbo kwa sababu ngozi imekauka na kuvutika. Wengine, hasa wenye mimba ya kwanza au ya mapacha, hupata vipele vinavyoanzia kwenye michirizi ya tumbo na kukiacha kitovu kikiwa salama. Hukera sana lakini havimdhuru mtoto, na huisha baada ya kujifungua. Malengelenge yanayoanzia kuzunguka kitovu ni jambo jingine. Ni nadra, ila yanahitaji daktari.

Muwasho wa kuogopwa hauna vipele. Huanzia viganjani na kwenye nyayo, huzidi usiku, na humkosesha mama usingizi katika miezi ya mwisho. Huweza kuwa ishara kwamba ini lake halisukumi nyongo ipasavyo, na asidi za nyongo zinajikusanya kwenye damu. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa wanawake wenye mimba ya mtoto mmoja ambao kiwango chao cha asidi hizo kilifika maikromoli 100 au zaidi kwa lita, takriban watoto 3 kati ya 100 walizaliwa wafu. Kwa waliokuwa chini ya 40 ilikuwa pungufu ya 2 kati ya 1,000. Zahanati nyingi hazina kipimo hicho. Lakini muuguzi anayejua kuuliza, "Unawashwa wapi, na saa ngapi?" anaweza kumpa mama rufaa kabla mambo hayajaharibika.

Macho au viganja vikiwa vya njano, safari ya hospitali isingoje kesho. Ugonjwa wa ini wa aina ya E, unaoenezwa na maji yaliyochafuliwa, ni hatari mno kwa wajawazito: katika miezi mitatu ya mwisho unaweza kuua hadi robo ya wanaougua. Mlipuko ulioanza mwaka 2007 wilayani Kitgum, kaskazini mwa Uganda, ambako watu wengi walikuwa wakiishi katika kambi za waliokimbia vita, uliwapata watu zaidi ya 10,000 na kuua takriban 160.

Weupe wa ghafla nao si wa kusifiwa. Zaidi ya nusu ya wajawazito waliopimwa katika utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa 2015–16 walikuwa na upungufu wa damu. Kwenye ngozi nyeusi, uso unaweza usionyeshe chochote. Kinachosema ni kiganja, ulimi na sehemu ya ndani ya kope la chini. Mama mkwe anayeona viganja vya mkwewe vimepauka kama karatasi asimpongeze kwa kutakata. Ampeleke akapimwe.

Halafu kuna vipele visivyowasha, hasa vya viganjani na kwenye nyayo, ambavyo huweza kuwa kaswende. Uchunguzi uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha ukubwa wa jambo hili: miongoni mwa wanawake wenye kaswende kali ambao hawakutibiwa, 1 kati ya 4 alijifungua mtoto mfu, ilhali kwa wasio na ugonjwa ilikuwa 1 kati ya 100. Wenzao waliopimwa na kupata sindano moja ya penisilini katika mimba walijifungua salama kama wasio na ugonjwa. Ugonjwa huu mara nyingi haujionyeshi kabisa, kwa hiyo kipimo cha damu cha kliniki kisikosekane hata kwa mwenye ngozi safi.

Uvimbe nao una daraja zake. Miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida. Uso na mikono ikivimba ghafla, pete ikakataa kutoka, kichwa kikauma na macho yakaona ukungu, hiyo huweza kuwa dalili ya hatari inayotangulia kifafa cha mimba, na presha ya 140 kwa 90 au zaidi huithibitishia kliniki kwamba hatua zichukuliwe.

Vitabu vya ngozi nyeupe

Muuguzi naye hapaswi kubebeshwa lawama zote. Kwa muda mrefu picha zilizotumika kufundisha magonjwa ya ngozi duniani zilikuwa za watu weupe. Zinaonyesha wekundu wa viganja, mishipa midogo myekundu kifuani, vipele vya waridi. Ni vitu ambavyo kwenye ngozi ya mama wa Singida au Kisumu vinaweza kuonekana vya kahawia, vya zambarau, au visionekane kabisa. Mhudumu aliyefundishwa kutafuta wekundu hukosa kuona kilicho mbele yake.

Desemba 2021 mchoro wa Chidiebere Ibe, kijana wa Nigeria aliyekuwa akijiandaa kuwa daktari, ulisambaa duniani kote. Ulionyesha mtoto mweusi tumboni mwa mama mweusi. Maelfu waliandika kwamba hawakuwahi kuona picha ya namna hiyo maishani mwao, wakiwamo madaktari. Mwaka mmoja kabla yake, Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari mjini London aliyezaliwa Zimbabwe, alitoa pamoja na wahadhiri wake kitabu cha mwongozo kinachoonyesha dalili za magonjwa kwenye ngozi nyeusi.

Afrika Mashariki haianzi sifuri katika hili. Tangu 1992, Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika, na huko huko Moshi yametengenezwa mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Utaalamu wa ngozi ya Kiafrika uko hapa nyumbani. Kinachotakiwa ni kuufikisha kwenye madarasa ya wakunga, kwenye mabango ya ukutani ya zahanati na kwenye simu za wahudumu wa afya ya jamii, kwa picha za ngozi zinazofanana na za wanaowahudumia.

Dakika chache za kliniki

Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu angalau mara nane, mara ya kwanza kabla ya wiki ya 12. Katika mahudhurio hayo yote, mazungumzo ya ngozi hayahitaji chumba kipya wala mashine. Katika hudhurio la kwanza mama aulizwe anajipaka nini, kwa upole na bila kufokewa, na aombwe aje na kopo lake mara ijayo. Aelezwe kwamba rangi itakolea na kwa nini. Kuanzia mwezi wa sita aulizwe kama anawashwa, na wapi. Viganja na macho yake vitazamwe kila anapokuja, kwenye mwanga wa dirishani.

Elimu hiyo ina wasaidizi ambao wizara za afya huwasahau. Makungwi na masomo wa pwani wamewafunda wasichana kuhusu miili yao kwa vizazi, na wanasikilizwa kuliko bango lolote. Wasusi na wenye saluni hukaa na wanawake kwa saa nzima na hujua nani anatumia nini. Wakiitwa na kufundishwa dalili chache zilizotajwa hapa, watawafikia wanawake ambao kliniki huwaona kwa dakika kumi. Nao TBS na wenzao wa nchi jirani wapeleke wakaguzi wao kwenye kurasa za mtandaoni zinakouzwa krimu za "wajawazito", kama wanavyowapeleka kwenye maduka.

Wiki ya sita baada ya kujifungua mama hurudi kliniki na mtoto wake. Hapo pia aulizwe. Kama ameanza kutumia mkorogo kuondoa mabaka, ajue kwamba mtoto anayenyonya hulala kifuani pake na kugusa kila alichojipaka. Kama anachagua njia ya uzazi wa mpango na bado ana mabaka, aelezwe habari za vidonge vyenye estrojeni. Kama nywele zinadondoka, aambiwe kwa kawaida hukoma lini. Na mabaka yakiwa hayajafifia mtoto akitimiza mwaka, apewe rufaa ya mtaalamu wa ngozi kama mgonjwa mwingine yeyote, bila kuambiwa kwamba huo ni urembo tu.